Pampu Nyuma ya Sikio

Wifi yangu Mwanaidi tumemzika mwezi uliopita, kule Mbweni, na wakati wa kumuosha mie ndo nliyepewa kichwa. Wanawake wenzangu wakaniona nnakishika kwa ncha za vidole tu, kama mtu aliyeshika yai bichi, mmoja akaninong'oneza, "Bi Riziki, usiogope, ni huyo huyo Mwanaidi." Sikuwa nnaogopa. Nna miaka sabini na kitu, maiti nshaosha wengi, na Mwanaidi mwenyewe lau angeweza angeinuka pale anicheke. Ila vidole vyangu vina adabu yao mbele ya kichwa cha mtu. Vilifunzwa mwaka mmoja tu, mwanzoni mwa miaka ya sabini, nlipokuwa na miaka kumi na tisa na mdomo usiozibika hata kwa gundi. Mwaka ule tulikuwa watu wanne katika nyumba moja ya Mji Mkongwe, na watatu washatangulia. Basi lililotokea mle ndani limebaki kwangu peke yangu, na mie tangu utotoni sina tabia ya kukaa na kitu peke yangu.

Mume wangu jina lake Mbaraka, lakini mie nlimwita Baharia. Alikuwa akifanya kazi jikoni melini, akimenya viazi kutoka bandari hii ya dunia mpaka ile. Siku moja akateleza kwenye ngazi ya chuma, akaanguka na kichwa. Akaamka, akasema yu mzima, akarudi kwenye viazi vyake. Baada ya wiki kadhaa akaanza kutembea kama mlevi, miguu mbali mbali, mkojo unamtoka bila habari, na majina ya sufuria zake mwenyewe hayakumbuki. Meli ikamshusha Ulaya, na madaktari wa huko wakasema maji ya ubongo yamekosa pa kutokea. Kumbe sote tuna maji hayo kichwani, yanazunguka, yanatoka, yanaingia mengine. Ya Baharia yakawa yanajaa tu yanaubana ubongo. Wakamtoboa fuvu, wakamtia mpira mwembamba kama tambi, ukapita chini ya ngozi nyuma ya sikio la kulia, ukashuka shingoni, kifuani, mpaka tumboni, maji yapate kumwagika huko. Na pale nyuma ya sikio wakaacha kijibofu cha mpira, chini ya ngozi pia, ukubwa wa njugumawe. Ukikibonyeza kinazama, ukikiachia kinapanda. Sie nyumbani tukakiita pampu.

Alikuwa kashaniposa kabla hajasafiri. Aliporudi na kichwa chake kimenyolewa nusu na kovu linalomeremeta, mashoga zangu wa Jang'ombe wakanikalisha kitako. "Riziki, utaolewa na mtu ana mpira kichwani?" Nkawambia, "Wangu ana mpira. Wenu wana nini humo?" Wakanipiga makofi ya mgongo, nkaolewa. Nlikuwa nikicheka, lakini nlimpenda yule mtu. Alikuwa na namna ya kusikiliza maneno yangu ya kipuuzi mpaka mwisho, kama anasikiliza taarifa ya habari.

Tulikaa vyumba viwili orofa ya juu kabisa, katika nyumba kubwa ya mawe ambayo wenyewe walishaondoka na serikali ikaigawa kwa watu. Ngazi zake zilikuwa nyembamba, zimesimama wima, kuna kamba imefungwa ukutani ya kushikia. Chokaa ilikuwa ikidondoka usiku na mchana, ukifunika chakula unakuta unga mweupe juu ya kawa. Wenye nyumba waliacha kioo kirefu chenye madoa ya kutu, hakuna aliyeweza kukishusha kwa zile ngazi, na mie kila nikipita nlikuwa najiamkia shikamoo. Mama mkwe wangu, Bi Mize, alikuwa akilala chumba cha mbele na Mwanaidi, sie cha nyuma. Tukila ukumbini, mkekani, sinia moja. Mwaka ule mchele ulikuwa wa foleni, ukiupata ni leo, kesho muhogo, kesho kutwa muhogo, na papa mkavu wa kuchemsha na nazi. Baharia, mpishi wa melini, alikuwa akishika kipande cha papa anakigeuza geuza. "Mama, huyu kafa lini?" Bi Mize anamjibu bila kuinua uso, "Kula, ndo ujue." Mwanaidi anacheka mpaka chai ya mchaichai inamtoka puani. Alikuwa na miaka kumi na saba tu, yeye kazi yake ilikuwa kunichekea.

Bi Mize alikuwa mwanamke wa dini, si wa maneno. Waganga hakuwataka hata kuwasikia. Mtu akija na habari za kumpunga mwanawe, au kumpiga chuku kisogoni atoke damu mbovu, alikuwa anamtilia chai, anamsikiliza, halafu anamsindikiza mpaka kwenye ngazi. "Mwanangu hana shetani," alikuwa akisema. "Ana maji." Mie nlimpenda kwa neno lile moja, na mpaka leo nnasema kama kuna mwanamke aliyekuwa na akili timamu katika mtaa ule, alikuwa yeye. Nnalisema mapema, kwa sababu ya yatakayokuja.

Hospitali tulikuwa tukienda kila mwezi. Daktari alikuwa mgeni, mrefu, nyusi nyeupe, Kiswahili chake ni "pole" na "lete". Aliyekuwa akitufasiria ni mwuguzi Othmani, mtu wa Jang'ombe aliyenijua tangu nlipokuwa nikiwaibia watu ukwaju. Daktari alisoma barua ya Ulaya, akakipapasa kichwa cha Baharia, akasema, na Othmani akafasiri: asubuhi mke abonyeze mara tatu. Si kwa ajili ya dawa, kwa ajili ya kuangalia. Ikipanda haraka, salama. Ikizama isipande, au ikiwa ngumu haizami, mleteni. Mwezi wa pili nkamwambia Othmani kwa uso mkavu kuwa pampu ya mume wangu ukiibonyeza mara mbili upesi inashika redio ya Mombasa. Maskini ya Mungu, akainama akaweka sikio! Baharia naye akaanza kuimba taarabu kwa mdomo uliofungwa. Wodi nzima ilicheka, na Othmani akaniapia, "Riziki, we siku moja utasema kweli na hapatakuwa na mtu wa kukusikia." Nkamwambia siku hiyo ntamtuma mtu mwingine aseme.

Asubuhi zetu zilikuwa nzuri. Analala na kichwa mapajani mwangu, dirisha liko wazi, chini barabarani muuza kahawa anagonga vikombe. Nabonyeza. Moja, mbili, tatu. Inapanda kama kidole cha mtoto kinachotaka kuuliza. "Hodi," nkisema kila nkibonyeza. "Karibu," anaitika. Miezi mitano tulikwenda hivyo.

Halafu likaja lile wimbi la mafua, watu mtaa mzima wakikohoa, na Baharia akapata homa siku tatu. Homa ikaondoka, kichwa kikabaki kinamuuma kidogo. Mtu mwingine angemeza aspirini. Lakini wewe ukishaambiwa mwanao ana maji kichwani, kila akishika kipaji cha uso unayasikia yanajaa. Bi Mize alikaa siku mbili anamtazama. Siku ya tatu, baada ya alfajiri, akaja chumbani kwetu na msala wake na tasbihi yake, ile ya punje thelathini na tatu, akakaa karibu na kitanda.

"Riziki mwanangu, mara tatu si kidogo?"

"Ndo walivyosema, Mama."

"Walisema mtu akiwa mzima. Huyu kichwa kinamuuma. Maji yakizidi kisimani utachota ndoo tatu?" Akaifungua tasbihi kiganjani. "Mie ntamwomba Mola wangu kwa kila punje, na wewe bonyeza. Dua na mkono vifuatane."

Sikuona kosa. Nani angeliona? Mtu kichwa kimejaa maji, una pampu, una dua. Nkamlaza mapajani, Bi Mize akaanza, "Ya Shafi," nkabonyeza, "Ya Shafi," nkabonyeza, mpaka punje ya mwisho. Mwanaidi alikuwa kasimama mlangoni anaitikia amin. Na tulipomaliza Baharia akafumbua macho akasema, "Alhamdulillahi, kimepoa."

Kimepoa! Yule mama alilia. Adhuhuri kichwa kikarudi, tukarudia. Alasiri, magharibi, isha. Kila sala na tasbihi yake, kila punje na kidole changu. Na kila tukimaliza, kimepoa. Leo nnajua kilichokuwa kikimpoza. Alikuwa amelala chali, kichwa mapajani mwangu, robo saa nzima, hatikisiki. Ni kule kulala. Lau ningemlaza vile vile nkakaa nkatazama dari, kingepoa pia, tena bila madhara. Lakini sie hatukuwa tukimlaza bila kumbonyeza hata mara moja, basi tutajuaje? Ukimpa mtu sukari ndani ya sumu, atasifu ladha.

Wiki ya kwanza ikapita. Ya pili, akawa hawezi kukaa kitako kula. Akiinuka tu kichwa kinampasuka, anatapika, analala, kinapoa. Tukamlisha amelala ubavu, mie nkamwambia anakula kama bwana arusi, siku saba hatoki kitandani. Siku moja akanitazama sana. "Naona Riziki wawili."

"Alaa! Umeoa wa pili na mie sina habari. Yupi mzuri?"

"Yule asiyesema."

Mwanaidi alicheka kwa sauti, nami nkacheka, halafu nkatoka nkaenda kusimama mbele ya kile kioo kirefu, na sikujiamkia. Kwa sababu asubuhi ile nlibonyeza pampu ikazama, na haikupanda. Palikuwa na kishimo nyuma ya sikio lake, kama mtu alibonyeza unga wa maandazi. Ikachukua muda mrefu sana ndo ikajaa nusu. Nkamwambia Bi Mize. Akashika kifua. "Imeziba. Si walisema? Ikizama isipande, imeziba. Tuizibue." Nkasema tumpeleke hospitali. Akasema, "Leo Ijumaa, tumpeleke Jumatatu, lakini tusiache. Tuongeze." Na mie, yarabi nsamehe, nkaongeza. Nkabonyeza kwa nguvu. Nlikuwa nnaona kila tone ninalolitoa ni mwaka mmoja nnaomwongezea mume wangu.

Jumapili, tukiwa tunakunywa chai, akaomba maji, kikombe kikamwangukia kifuani. Mkono wa kushoto haukukishika. Akautazama ule mkono kama wa mtu mwingine. Kisha akasinzia, na tulipomwita aliitika "naam" kwa mbali, kama yuko orofa ya chini.

Wanaume wanne wa mtaa walimteremsha kwa zile ngazi wamemfunga kwenye kiti kwa kanga zangu. Kila kidato alikuwa akiguna. Nyuma yao nlikuwa nikisikia wanawake milangoni. "Bi arusi wa pampu huyo." "Maskini, hajamaliza hata mwaka." "Mwenyewe kazi yake kucheka tu."

Hospitalini wakamlaza kitanda kisicho na mto. Daktari akaja, akamulika macho yake, akampapasa nyuma ya sikio, akabonyeza mara moja, akangoja. Haikupanda. Akasema maneno mengi na Othmani akatugeukia. "Anasema inaonekana ule mpira umeziba kule juu, ndani ya ubongo. Lazima afunguliwe kichwa atiwe mwingine. Mchana huu huu. Ni kazi kubwa, msimamie dua." Halafu akauliza kama anavyotakiwa kuuliza, na hapo ndo mkasa wangu ulipoanzia. "Daktari anataka kujua, kichwa kinamuuma zaidi akilala au akikaa?"

"Wakati wote," Bi Mize akajibu.

"Na mmekuwa mkibonyeza kama mlivyoambiwa?"

"Mara tatu," akasema Bi Mize. "Asubuhi."

Nkamtazama. Hakunitazama. Tasbihi ilikuwa ndani ya ngumi yake, na ngumi ndani ya buibui. Daktari akaandika, akaondoka na Othmani.

Nkamvuta Mwanaidi upenuni, kwenye ndoo za kufulia. "Mbona mama kasema vile?"

"Anaogopa. Watasema tumemfanyia uganga. Mama ndo wa kuambiwa mganga!"

"Akilala hakimuumi, Mwanaidi. Akikaa ndo kinamuuma. Kwa nini daktari kauliza kama si neno kubwa? Anataka kumpasua na hajui tulichofanya."

"Wifi, ukisema, mama atakufa kwa aibu."

"Na nkinyamaza atakufa nani?"

Alianza kulia, mie machozi sikuwa nayo. Sikujua kama tulifanya vibaya au vyema. Nlijua tu kwamba mtu anakwenda kupasuliwa kwa hesabu ya uwongo. Nkamkimbilia Othmani, nkamkuta anabeba beseni la vyuma vinavyochemka. "Bwana Othmani, mwambie daktari, si mara tatu. Tumebonyeza mia na sitini na tano. Kwa siku. Siku kumi na moja."

Akanitazama, na nkaona uso wake unavyojikunja. "Mia na sitini na tano. Ilikuwa pampu au baiskeli imeishiwa upepo? Riziki, leo sina nafasi ya mzaha wako. Mumeo yu hoi."

"Wallahi si mzaha."

"Na redio ya Mombasa ulisema wallahi."

Ni kweli, nlisema. Akanipita na beseni lake. Nimefanyiwa mambo mengi duniani, kuna watu wamenitukana na kuna waliokuja kunidharau mpaka mlangoni kwangu, lakini hakuna kilichoniuma kama kupitwa pale na mtu mwema mwenye beseni, kwa sababu alikuwa na haki.

Nkarudi wodini. Bi Mize alikuwa kakaa kiti cha mbao, midomo inatembea, punje zinapita. Nkamwambia, "Mama, nisamehe," nkaichukua tasbihi mkononi mwake. Sikuiomba, niliichukua. Hakuwahi mtu kumfanyia hivyo, mkono wake ulibaki wazi vile vile hewani. Nkaenda mpaka chumba cha daktari, sikubisha hodi. Alikuwa anaandika, mkono wa kushoto umelala mezani. Nkaukamata mkono wa mwanamume wa watu, mie mke wa mtu, nkaanza. Punje moja, nkabonyeza mgongo wa mkono wake kwa kidole. Punje ya pili, nkabonyeza. Alitaka kuuvuta, nkaushikilia. Alidhani nimerukwa na akili. Kwenye punje ya kumi akaacha kuvuta. Kwenye ya ishirini akaweka kalamu chini. Othmani alikuwa keshafika mlangoni, kasimama na mdomo wazi. Nkazimaliza zote thelathini na tatu, halafu nkainua vidole vitano, nkaonyesha jua linavyopanda na kushuka, mara tano. Nkalaza shavu juu ya kiganja changu, nkatabasamu. Nkakaa wima, nkakishika kichwa kwa mikono miwili, nkajifanya natapika.

Daktari akasema neno moja, fupi. Othmani akalifasiri kwa sauti ndogo. "Anauliza, nani alikuwa akibonyeza?"

"Mie."

"Nani alikwambia ufanye hivyo?"

Bi Mize alikuwa keshanifuata, yuko nyuma ya Othmani, kaushika ukuta. Nkamwona juu ya bega la Othmani.

"Hapana mtu. Nlijitungia mwenyewe."

Mpira haukubadilishwa. Daktari alikwenda mbio kama kijana, akainua kitanda upande wa miguu, akamwekea dripu, akamwandikia Othmani karatasi ya kubandika ukutani: asiguswe kichwa. Jioni akamtoboa tundu ndogo upande wa kulia ikatoka damu nyeusi, nzito, iliyokuwa imevilia kati ya mfupa na ubongo. Lau angemtia mpira mpya, unaovuta vizuri zaidi, asingefika asubuhi. Othmani alinieleza baadaye, tumekaa kwenye ngazi za nje, na alinieleza kwa upole kama anajilipa deni. Ule mpira haukuwa umeziba. Tuliyafyonza maji mpaka ubongo ukanywea, ukauacha mfupa, ndo maana pampu haikupanda, haikuwa na cha kuipandisha. "Unaijua mbata?" akaniuliza. "Nazi ikikauka, nyama ikaachana na kifuu, ukiitikisa inagonga. Ndo kichwa cha mumeo kilivyokuwa. Akikaa, ubongo unashuka, unachana vimishipa, damu inavilia. Akilala, unatulia." Halafu akasema, "Daktari kasema muombe sana. Mkono tu ndo mtulize."

Wiki tano alikaa kule. Habari zilimtangulia kufika nyumbani. Nlizisikia nikiwa chumba cha chini nateka maji, wao wako ngazini hawanioni. "Kamchezea mumewe kichwa kama kinanda." "Mtoto wa watu kaponea chupuchupu." "Mie ningekuwa mama yake, ningemrudisha kwao Jang'ombe na kitanda chake." Ningeweza kutoka na ndoo yangu nkawajibu, majibu nlikuwa nayo, mazuri. Nkangoja waishe. Kilichonikaa rohoni si wao. Bi Mize alikuwa akiyasikia hayo hayo, akiulizwa uso kwa uso, na alikuwa akijibu, "Tuyaache, ni mtoto." Ni mtoto. Tulikuwa tukila sinia moja, mikono yetu inakutana kwenye muhogo, na hatukutazamana. Tasbihi nlimrejeshea siku ile ile. Sikuiona tena mkononi mwake. Alikuwa akihesabu kwa vidole, chini ya ushungi.

Nimezeeka nikijiuliza kama nlifanya wema au nlimfanyia kiburi. Ukimchukulia mtu kosa lake bila kumuuliza, umemsaidia, na pia umemfunga. Nlimfunga yule mama. Kila siku iliyopita kinywa chake kilizidi kuwa kizito, na mie nliona, na nlinyamaza kwa raha fulani mbaya ambayo sikuijua jina.

Baharia alirudi akipanda ngazi mwenyewe, mkono wa kulia kwenye kamba, wa kushoto unaning'inia. Ule haukurudi wote. Alikuwa anaweza kushika kitasa, hakuweza kumenya kiazi, na baharini hakwenda tena. Siku ya pili, baada ya chakula, kalala mkekani ukumbini na mto mwembamba, Bi Mize anachambua mchele kwenye ungo, Mwanaidi anafua kwenye ua wetu huko huko juu. Akaniita.

"Riziki."

"Naam."

"Watu wanasema ulikuwa unanichezea."

Ungo uliacha kulia. Alikuwa hana hasira, alikuwa anasikiliza vile vile kama siku zote, mpaka mwisho. Nkatafuta mzaha wa kumpa, nkakosa.

"Nlikosea kuhesabu, Baharia."

"Mtu wa darasa la saba?"

"Hakukosea," akasema Bi Mize.

Alikuwa hajainua uso. Alikuwa kakamata jiwe dogo la mchele kati ya vidole viwili, haliweki chini.

"Nlikuwa nikihesabu mie," akasema. "Yeye alinifuata. Na hospitali waliponiuliza nlisema uwongo, na akaubeba yeye. Nimekaa nao wiki tano, mwanangu, kila sala uwongo ule unanisimamia mbele."

Mwanaidi alikuwa kasimama kwenye mlango wa uani na nguo inadondosha maji miguuni mwake. Baharia akasema, bila kutugeukia, "Walisemaje sasa? Mara ngapi?"

"Mara moja," nkamjibu. "Asubuhi. Kuangalia tu."

"Na asubuhi hii?"

Asubuhi ile sikuwa nimeigusa. Sikuthubutu, wala hakuna aliyenikumbusha.

"Njooni basi," akasema. "Nyote wawili. Mama, mshike mkono. Ikifika moja, usimwachie."

Nkamlaza mapajani. Bi Mize akaja kwa magoti, mikono bado ina vumbi la mchele, akanishika kifundo cha mkono, kwa nguvu, kama unavyomshika mtoto ukingoni mwa kisima. Nkabonyeza mara moja. Ikazama. Nkaondoa kidole, na yeye hakuniachia. Tukainamia nyuma ya lile sikio sote watatu, hata Mwanaidi na nguo yake mbichi, tunakitazama kile kishimo, hakuna anayepumua, tunangoja pampu ipande.